Dakika ya Thelathini na Nne

Simu yake iliingia saa tatu kasorobo usiku,
theluji imeufunika mji wa Oulu hadi kwenye vioo vya magari.
Mimi ni Senja, nikasema, nikusaidie nini?
Kabla hajajibu, skrini ikamtaja kwa herufi za dhahabu:
Taisto Hallamaa. Mteja mwaminifu. Miaka kumi na mmoja.
Hajachelewesha malipo hata siku moja.

"Kuna kitu kimeibwa," akasema.

Nikadhani ni kadi ya benki.
La. Tamthilia ya waoka mikate,
msimu wa pili, sehemu ya sita, dakika ya thelathini na nne.
Yule mama mnene anapopokea barua ya benki,
anaisoma, anaikunja mara nne,
anaitia tanurini chini ya mikate myeusi,
kisha anawageukia wateja: leo utaiva vizuri.

"Hapo Irja alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu.
Sasa mama anapokea barua, halafu ghafla ni asubuhi.
Kuikunja hamna. Tanuri halimo.
Nimerudisha nyuma mara saba."

Mwongozo wangu una jibu, ukurasa wa tisa:
Maudhui huboreshwa mara kwa mara kwa ajili yako.
Nikalisoma kwa sauti tuliyofundishwa,
sauti yenye tabasamu ndani.

Hakuna aliyetuandikia lolote.
Ila mwezi wa nane benki fulani ilinunua hisa kwetu,
na mwezi wa tisa vitu vikaanza kupungua,
hapa sentensi, pale kicheko.
Panya huuma akipuliza,
na wengi wa wateja wetu hawakuamka.

"Kwa ajili yangu?"
Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni, taratibu.
"Mimi sikuomba."

Nikampa nilichoruhusiwa kutoa:
mwezi mmoja bure, na nyota kando ya jina lake.
Akanyamaza.
Kimya kikizidi sekunde tano, mwongozo unasema, shukuru.
Nikashukuru. Asante kwa uaminifu wako.

"Uaminifu," akasema, kama mtu anayeonja maziwa
kujua kama yamechacha.
"Binti, mimi siwajui nyinyi.
Kuna dirisha dogo ukurasa wa mwanzo, lina picha ya bundi,
alimchagua mwenyewe, chini yake jina lake.
Nikilibonyeza linaniuliza:
Irja, uendelee kutazama?
Kila usiku linamuuliza. Miaka mitatu sasa.
Niambie, nikifunga akaunti,
bundi anakwenda wapi?"

Ukurasa wa kumi na nne:
siku thelathini, kisha kila kitu hufutwa.
Sikuusoma.
Waliosema asiyekuwapo na lake halipo
hawakumjua ndege huyo,
wala hawakujua kwamba kiota chake ni cha kupanga,
na kodi ni yuro kumi na tatu kwa mwezi.

"Basi niandikie huo mwezi wa bure," akasema mzee,
akaaga kwa adabu, akanitakia barabara isiyo na barafu.

Mashine ikataka nifunge taarifa ya simu.
Ameridhika. Ameridhika kiasi. Simu ilikatika.
Nikabonyeza ya kwanza.
Ya pili inahitaji maelezo, na foleni ilikuwa watu arobaini.

Nami nalipa. Wafanyakazi tunapata nusu bei.
Usiku ule, soksi zangu zikichuruzika kwenye kipasha joto,
nikafungua sehemu ya sita.
Mama anapokea barua. Ghafla ni asubuhi.
Mikate iko rafuni, wateja wanacheka,
wanacheka nini, hakuna anayesema.
Nikasimamisha picha.
Kwenye ganda la mkate wa tatu kutoka kushoto
pamenata kipande cha jivu, chembamba, chenye pembe,
kama ncha ya karatasi.

Hicho walikisahau.
Sijamwambia mtu kazini.